Mama amekutwa na saratani ya mfereji wa sikio. Aliyewahi kuuguza ugonjwa huu naomba aje hapa

#1 Mtoto wa Iramba

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa mwenye uelewa au aliyewahi kuuguza mgonjwa wa namna hii.

Mama yangu mzazi yuko Singida, ana miaka 61, mkulima wa alizeti. Sikio la kulia lilianza kutoa maji yenye harufu muda mrefu tu. Kila alipokwenda zahanati alirudi na chupa ya matone, leo ya aina hii, kesho ya aina ile. Linakauka kidogo, linarudi. Mwaka huu yakaanza kuja na damu, halafu maumivu ya ndani kabisa, yale yanayoamka usiku na panado haiyasogezi. Hospitali ya mkoa daktari wa masikio akamchungulia, akakuta nyama imeota ndani ya tundu. Akakata kinyama kikaenda maabara. Jibu limekuja: skwamasi seli kasinoma ya mfereji wa sikio. Tumepewa rufaa ya Dar.

Sasa ukoo umegawanyika. Baba mdogo anasema kansa ikiguswa na kisu inatawanyika, bora abaki nyumbani aombewe na apewe dawa za mizizi. Dada yangu anataka mionzi peke yake, mama asikatwe. Mimi niko katikati.

Maswali yangu: huko kwenye operesheni wanakata nini hasa? Atabaki kiziwi? Uso utapinda? Na kwa nini tumeambiwa operesheni NA mionzi, si kimoja tu?

#2 Kijiwe cha Kahawa

Sikio la kufa halisikii dawa.

#3 Bint Kisauni

Weye Kijiwe, mtu anauguza mamake unamletea methali? Huna haya.

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Mimi niko Mombasa, si daktari, ila nauliza: mna hakika ni saratani? Babu yetu sikio lilimtoa usaha, picha ikaonyesha mfupa unaliwa, nyumba nzima tukaanza kulia. Kumbe ni maambukizi yanayowapata wazee wenye sukari. Alitibiwa kwa antibiotiki muda mrefu, sukari ikashushwa, leo yuko barazani anacheza bao.

#4 Jani Bichi

Mkuu usihangaike. Maji ya kitunguu saumu changanya na mafuta ya habbat soda, vuguvugu, matone matatu asubuhi na jioni. Nyama inadondoka yenyewe. Njoo inbox nikuelekeze.

#5 Tupa Pamba

Mtoto wa Iramba, pole sana. Kazi yangu ni masikio, pua na koo. Kituo sitakitaja. Nitaandika kirefu, kaa chini.

Kwanza Bint Kisauni kauliza la maana kuliko anavyodhani. Usaha usiokoma pamoja na mfupa ulioliwa unaweza kuwa mambo mengi: bakteria aitwaye Pseudomonas kwa mzee mwenye kisukari, kolesteatoma (ngozi inayojikusanya ndani ya sikio na kula mfupa), hata TB ya sikio. Kwa macho, na hata kwenye picha, vinafanana na saratani mno. Kinachoamua ni kinyama. Na kinyama cha kwanza kikirudi safi huku dalili zinaendelea, tunakata cha pili, cha ndani zaidi, kwa sababu cha juu mara nyingi ni uvimbe wa maambukizi tu uliofunika ugonjwa wenyewe. Kwa mama yako jibu limeshatoka na jina limeandikwa. Biashara ya matone imeishia hapo.

Ugonjwa wenyewe ni adimu. Makadirio ya kawaida ni kama mtu mmoja kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Mhudumu wa zahanati anaweza kustaafu bila kuuona, na masikio ya usaha anayaona kila siku ya Mungu. Simtetei anayetoa matone miezi na miezi bila kushika otoskopu akachungulia. Naeleza tu kwa nini wagonjwa wengi wanatufikia wamechelewa, hapa kwetu na hata Ulaya.

Sasa kwa nini ni hatari kuliko saratani ya ngozi ya mkononi, wakati zote ni ngozi? Mfereji una urefu wa sentimeta 2.5 hivi. Theluthi ya nje ni gegedu, theluthi mbili za ndani ni mfupa, na ngozi ya huko ndani ni nyembamba mno, imelalia mfupa moja kwa moja. Gegedu la mbele lina nyufa za asili, huitwa nyufa za Santorini, na mbele yake ndipo ilipo tezi ya mate ile inayovimba kwa watoto wenye matumbwitumbwi. Saratani ikipita hapo imetoka nje ya sikio. Ikienda nyuma inakuta mfupa wenye vishimo vya hewa, na ndani yake imepita neva inayoendesha uso. Juu ni utando wa ubongo. Ikizama ndani kuna sikio la kati. Yote hayo ndani ya eneo dogo kuliko kiganja cha mtoto.

Kwa hiyo operesheni. Kosa kubwa ni kuingia kwenye tundu na kukwangua ile nyama vipande vipande, mgonjwa akaambiwa "tumetoa uvimbe, nenda nyumbani". Hapo ugonjwa umebaki kwenye ngozi na mfupa, na unarudi. Inayotakiwa, kwa ugonjwa ambao haujapita kiwambo cha sikio, ni kuutoa mfereji wote kwa mkupuo. Daktari anakata nyuma ya sikio, anachonga mfupa kwa drili ndogo chini ya darubini, anazunguka mfereji pande zote, anautoa mzima kama bomba: ngozi yake, gegedu, mfupa, kiwambo, na kile kifupa cha nyundo. Fuawe, kifupa cha pili cha kusikia, huachanishwa na kikuku, cha tatu, kwa uangalifu. Kikuku chenyewe kinabaki, maana kukigusa ovyo ni kuharibu sikio la ndani. Kwa kawaida sehemu ya juu ya ile tezi ya mate hutolewa pamoja, na tezi za shingo za upande huo hutolewa au huchunguzwa. Shimo linazibwa kwa nyama ya karibu, au mafuta kutoka tumboni, au nyama ya paja ikiwa shimo ni kubwa. Sikio la nje, lile linaloonekana, mara nyingi linabaki mahali pake.

Kiziwi? Upande huo sauti ya kupita hewani inakatika, ndiyo. Lakini koklea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, inabaki hai, kwa hiyo sauti inayopita kwenye mfupa bado inasikika. Vipo vifaa vya kusikia vinavyotumia njia hiyo, vingine vya mkanda kichwani bila kufungwa skrubu. Sikio la kushoto, kama ni zima, halihusiki.

Uso? Ikiwa sasa hivi mama anafumba jicho vizuri na mdomo haujaenda upande, neva haijavamiwa waziwazi, na nia ya daktari ni kuiacha. Inaweza kulegea kwa muda baada ya operesheni kwa sababu imeshughulikiwa. Ikikutwa imeliwa na ugonjwa inakatwa, na inaweza kuunganishwa kwa kipande cha neva kutoka shingoni au mguuni. Hapo usisubiri uso, shughulikia jicho: matone ya kulilainisha mchana, mafuta ya jicho usiku na plasta ya kulifunga. Jicho lisilofumba linapata kidonda na upofu haraka kuliko mnavyofikiri.

Nitarudi kuhusu mionzi, nina wagonjwa.

#6 Mtoto wa Iramba

Dokta, shikamoo. Mungu akubariki, hii nimeiprinti. Mama anafumba jicho vizuri, mdomo uko sawa. Ila hili la baba mdogo la kisu kutawanya kansa ndilo linalotusumbua, kwa sababu mama anamsikiliza yeye kuliko sisi.

#7 Tupa Pamba

Marahaba. Mwulize baba mdogo, kwa heshima, hao anaowafahamu waliokatwa wakafa walikatwa wakiwa hatua gani. Wengi wetu tumeona jirani anafika hospitali ugonjwa umejaa, anakatwa kwa sababu hakuna namna, anafariki miezi michache baadaye, na msiba mzima unalaumu kisu. Kinyama cha kipimo kwenye mfereji wa sikio hakitawanyi ugonjwa. Operesheni nusunusu ndiyo mbaya, na ubaya wake ni kwamba imeacha ugonjwa.

Wa mizizi simpigi vita nje ya sikio. Mama akitaka kunywa chai ya mchaichai, anywe, mradi aseme kila anachokunywa kwa daktari. Ila NDANI ya sikio hilo pasiingie kitu: si kitunguu saumu, si mafuta ya moto, si mkojo, si maji ya betri (nimeyaona yote). Jani Bichi, kitunguu saumu kibichi kinaunguza ngozi nzima ya mkono. Unampelekea nani kwenye kidonda?

#8 Jani Bichi

Hospitali wanataka hela zenu tu. Tutaonana mbele.

#9 Sikio Moja

Jina langu la humu linajieleza. Mimi ni mwanamume, nilifanyiwa operesheni hiyo hiyo upande wa kushoto nikiwa na miaka arobaini na kitu, nikafuatia mionzi. Niko hai, nina kazi, naendesha gari.

Nitasema ambayo daktari hawezi kukuambia. Kizunguzungu cha siku za mwanzo kinatisha, mama akiinuka kitandani awe na mtu. Ganzi kwenye ngozi ya sikio na shavu itakaa sana, nyingine haiondoki. Na kusikia upande mmoja kuna shida yake ambayo watu hawaielewi: kelele unazisikia lakini hujui zinatoka wapi. Barabarani bodaboda inakuja kushoto, wewe unageuka kulia. Kwenye harusi au kilabuni usinitafute, sielewi neno. Nyumbani wakae upande wa sikio zima wanapoongea naye, tena waje mbele aone midomo. Mke wangu alizoea kuniita kutoka jikoni na kukasirika nisipoitika, tukaelewana.

Mdomo nao. Taya langu lilikaza baada ya mionzi. Nilipewa mazoezi ya kufungua mdomo, nikayadharau mwanzoni kwa sababu yalionekana ya kitoto. Mama asiyaache hata siku moja.

#10 Fundi Mionzi

Naingilia hapo kwa Sikio Moja maana ni eneo langu. Mimi ni wa mashine.

Dada yako, Mtoto wa Iramba, anapendekeza mionzi peke yake kwa huruma, ninamwelewa. Lakini ugonjwa ulioingia mfupani hauitikii vizuri mionzi pekee. Ndiyo maana mgonjwa anayeweza kukatwa anakatwa kwanza, halafu sisi tunamalizia chembe ambazo jicho la daktari wa upasuaji haliwezi kuziona. Ugonjwa mdogo kabisa, usiogusa mfupa na uliotolewa wote pembezoni pakiwa safi, wakati mwingine hauhitaji mionzi. Uamuzi huo unatokana na majibu ya maabara ya kile kilichotolewa, kwa hiyo karatasi ile msiipoteze.

Dozi ya kawaida baada ya upasuaji ni kama grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi), inagawanywa vidonge vidogo vidogo thelathini (namaanisha vikao, msije mkatafuta vidonge). Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita hivi. Kila kikao ni dakika chache, hausikii maumivu. Kabla ya kuanza anatengenezewa maski ya plastiki inayolainishwa kwenye maji ya moto na kukandikwa usoni ili kichwa kisisogee. Wengine wanaogopa maski kuliko ugonjwa. Aseme mapema, tunamzoeza.

Mambo matatu ya kufanya kabla:

Meno. Aende kwa daktari wa meno, yaliyooza yang'olewe na vidonda vipone KABLA ya mionzi. Kung'oa jino kwenye taya lililopigwa mionzi kunaweza kuleta mfupa kufa.

Malazi. Wiki sita Dar si mchezo kwa mtu wa Singida. Watu wanaacha matibabu wiki ya nne, si kwa sababu ya maumivu, ni nauli na pa kulala. Kuruka vikao kunaupa ugonjwa nafasi. Tafuteni ndugu wa kukaa naye sasa hivi, si siku ya kufika. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, ndiyo inayopokea wengi, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa, Bugando ya Mwanza nako kuna mionzi. Asiyeweza gharama aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, na barua ya serikali ya mtaa mkononi.

Chakula. Kuanzia wiki ya tatu ngozi inababuka, mate yanapungua, ladha inapotea. Uji wenye lishe, mtori, maharage yaliyopondwa. Asipake losheni yoyote ya dukani bila kutuuliza.

Dripu za kansa kama sisplatini huongezwa pamoja na mionzi kwa wengine, hasa ugonjwa ukiwa mkubwa au pembezoni pakikutwa si safi. Ina tabia ya kugusa figo na masikio yenyewe, na huyu mama atabakiwa na sikio moja, kwa hiyo muulize daktari wazi.

#11 Kofia Pana

Naomba niweke na sisi humu. Mimi ni mtu mwenye ualbino. Kwetu saratani ya sikio haianzii ndani, inaanzia juu, kwenye ncha ya sikio la nje ambako jua linapiga toka utotoni. Kikidonda kinachotoka gamba, kinapona nusu, kinarudi. Mtu anakifunika na kofia. Kikiachwa kinashuka mpaka kwenye tundu, na hapo unaingia kwenye operesheni hii hii mnayoizungumzia, wakati mwanzoni kingetolewa kwa ganzi ya kawaida ukarudi nyumbani jioni.

Kofia za kapelo hazifuniki masikio. Nunueni yenye ukingo mpana pande zote. Na mafuta ya Kilisun yanatengenezwa Moshi, pale kituo cha ngozi cha KCMC, kwa ajili yetu. Wengi wanapaka uso na mikono, masikio wanayasahau, hasa nyuma.

#12 Bint Kisauni

Kofia Pana ahsante, binamu yangu nitampelekea ujumbe huu.

Swali kwa daktari: hatua za ugonjwa huu zinapangwaje? Na mtu akichelewa ndiyo basi?

#13 Tupa Pamba

Tunatumia mfumo wa Pittsburgh, ulipendekezwa mwaka 1990 na kurekebishwa mwaka 2000. T1 uko kwenye mfereji tu, mfupa mzima. T2 umeanza kula mfupa lakini haujautoboa. T3 umeutoboa mfupa au umeingia sikio la kati. T4 umefika ndani zaidi, au kwenye utando wa ubongo, au kiungo cha taya, au uso umelegea. Ndiyo, uso kulegea peke yake kunakupeleka T4, yalikuwa ndiyo marekebisho ya mwaka 2000. Tezi za shingo zikiwa na ugonjwa hali inakuwa nzito zaidi.

CT inaonyesha mfupa, MRI inaonyesha nyama, neva na utando wa ubongo. Mara nyingi tunataka zote mbili kwa sababu usaha na uvimbe vinafanana kwenye CT. Watu wa Singida wanaweza kupiga Dodoma, Benjamin Mkapa, kabla ya kufika Dar.

T1 na T2 zikitibiwa sawasawa, wengi wanapita miaka mitano. T4 walio wengi hawafiki. Sisemi hivyo kutisha mtu, mama wa huyu ndugu bado hajapangwa hatua. Aliyechelewa bado ana njia: operesheni kubwa zaidi kwa wachache, dawa pamoja na mionzi, na kwenye nchi tajiri kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili kama cemiplimab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa saratani ya ngozi ya aina hii iliyosambaa au isiyoweza kukatwa. Bei yake ni ya kuuza shamba na ng'ombe, ndiyo hali halisi. Na hata asiyeweza kupona anastahili kulala usiku bila maumivu. Mofini ya maji ipo, na kuiomba si kukata tamaa.

#14 Mtoto wa Iramba

Wakuu, mrejesho. Tumefika Dar, picha zote zimepigwa. Ni T2, tezi za shingo safi. Madaktari wa masikio na wa mionzi wamekaa pamoja, wamesema ni ule mfereji mzima pamoja na sehemu ya tezi ya mate, halafu mionzi itategemea majibu ya maabara. Daktari wa meno kang'oa mawili. Dada amekubali. Baba mdogo alikuja mwenyewe hospitali, daktari akamwonyesha picha kwenye kompyuta, akaangalia muda mrefu, kisha akauliza damu inatolewa wapi. Kesho anachangia chupa.

Mama anauliza swali moja tu: je, ataweza kuimba kwaya?

#15 Sikio Moja

Mwambie ataimba. Ila mwanzoni atapoteza sauti ya wenzake, atajisikia yeye tu na atadhani wengine wanakosea. Asimame ukingoni mwa mstari, upande wa kulia kabisa, wenzake wote wawe kwenye sikio la kushoto. Na akipewa tarehe za kurudi kliniki azifuate hata akijisikia mzima, hasa miaka miwili ya mwanzo, ndiyo ugonjwa hupenda kurudi.

#16 Kijiwe cha Kahawa

Ugua pole mama. Mimi nina O hasi, nipo Buguruni, nitumie wodi inbox.

#17 Dogo Janja wa Mbagala

Madokta, sikio langu linawasha toka juzi, nalichokonoa na funguo ya pikipiki ndiyo napata raha. Hiyo ni kansa???

#18 Tupa Pamba

Tangu juzi, linawasha, haliumi, halitoi damu: uwezekano mkubwa ni fangasi au ngozi uliyoichuna kwa funguo. Nenda kliniki likachunguliwe na kusafishwa. Funguo irudishe kwenye pikipiki.